Kanuni ya Tatu

9 Novemba

Tovuti imefunguka leo. Niliacha redio mwezi wa saba, baada ya mwenye redio kunitaka nisome tangazo la rafiki yake kama habari. Tangu hapo kila ninayemhoji ananiuliza kwanza: "Mama Viviane, sasa nani anakutuma?" Kwa hiyo, kabla ya habari yoyote, nimeweka ukurasa wa kanuni zangu, ili anayeuliza asome.

Ziko tano. Sipokei bahasha wala lifti kutoka kwa ninayemwandika. Simwonyeshi mtu habari kabla haijatoka. Ya tatu: anayesema anatajwa jina, maneno yasiyo na mwenyewe siyachapishi. Ya nne: maneno ya mtu nayaandika kama alivyoyasema, siongezi, sipunguzi. Ya tano: nilichochapisha sikifuti, nikikosea nasahihisha palepale, msomaji aone.

Ya tatu ndiyo ninayoitegemea zaidi. Redioni nilisoma miaka mingi "duru za kuaminika zinasema", na duru hizo mara nyingi zilikuwa mwenye redio mwenyewe, mezani kwake.

Kaka yangu Casimir, fundi mstaafu wa mitambo, ambaye tunaishi naye katika nyumba ya baba hapa Panda, kata ya Likasi, alisoma ukurasa wote kwenye simu yangu.

"Amri ya Mungu iko kumi," alisema. "Weye unaandika tano. Ingine umeachia nani?"

"Bapadri."

"Bantu batakuchekea."

"Bacheke, lakini basome."

17 Novemba

Mvua. Umeme hakuna tangu jana. Sikuandika kitu.

26 Novemba

Habari ya choo cha soko imetoka. Muuza samaki aliyelalamika nilimtaja jina lake lote. Leo amenipigia kushukuru: shangazi zake wa Lubumbashi wamemwona kwenye simu zao. Kanuni inafanya kazi.

4 Desemba

Mvua usiku na mchana. Mtu aliyetoka Mwadingusha amemwambia Casimir kwamba ziwa limefika kwenye miti. Ukuta wa jiko letu umeanza kuloa kutoka chini.

8 Desemba

Alfajiri ukuta wa bwawa la maji machafu umebomoka, katika kile kiwanda kipya cha njia ya Kambove. Nilifika kukiwa bado na ukungu. Maji yalikuwa yameshapita. Yameacha tope la kijani juu ya mahindi ya watu mpaka kwenye kijito, na kijito chenyewe kimebadilika rangi. Mbwa wawili wamekufa, na mtu mmoja: Athanase, mlinzi wa zamu ya usiku, mzee wa mtaa wa nyuma yetu. Walimkuta mbali, kando ya mti, buti moja mguuni.

Saa za mchana kiwanda kimetoa tangazo. Kinasema mlinzi alikuwa amelewa, akateleza bwawani. Chupa ilikutwa karibu na koti lake. Kuhusu ukuta, tangazo linasema "mvua zisizo za kawaida".

Athanase alikuwa mtu wa kanisa la maombi. Hakunywa hata munkoyo, kinywaji cha mahindi ambacho hapa hata watoto huonja. Alikikataa kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, na watu walimchukia kwa hilo kwa muda. Panda nzima inajua.

10 Desemba

Kilio kiko nyumbani kwa Athanase. Turubai limefungwa kati ya nyumba na mwembe wa ua wa jirani. Mvua inatoboa katikati, watu wamekaa pembeni. Mjane, Mama Germaine, yuko ndani juu ya mkeka pamoja na wanawake wa kanisa.

Nje bajukulu walikuwa wameshika kilio, kama ilivyo haki ya wajukuu. Wanatoza faini waombolezaji, wanatukana wakubwa, wanamwigiza marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi walinishika mlangoni.

"Mama ya radio! Unakuya kulia ao kuandika?"

"Yote mbili."

"Basi lipa mara mbili!"

Walichukua mwavuli wangu. Hawakuurudisha.

Kiongozi wao alikuwa Jaël, mjukuu wa kwanza wa Athanase. Ana miaka ishirini na kitu, anapika katika kantini ya kiwanda kilekile, zamu ya usiku. Alikuwa amevaa koti la mvua la marehemu, buti zake kuukuu, na mkononi kopo la nyanya badala ya redio ya walinzi. Aliinama kidogo upande mmoja, kama Athanase alivyotembea. Ilikuwa sawasawa mpaka mzee mmoja akashika kichwa.

"Allô, chef! Allô! Maji inakula ukuta!"

Kijana mwingine alikuwa amelala juu ya benchi, anakoroma. Huyo alikuwa anamwigiza Didier, mkuu wa zamu ya ulinzi, na kila mtu alimtambua kwa tumbo. Alijibu bila kufungua macho.

"Papa Athanase, weye unaogopaka mvula sawa mbuzi. Lala. Tutaona asubui."

"Nilale namna gani, chef, na ukuta unalia?"

"Wacha ulie. Nayo iko na kilio yake!"

Watu walicheka. Mtu mmoja alimwita babu kwa kelele kutoka nyuma: "Nkambo, kunywa munkoyo kidogo, baridi itaisha!"

Jaël aligeuka kwa hasira ya kizee. "Munkoyo? Minye ni muntu ya Yesu! Leta Fanta, na ikuwe baridi!"

Kicheko kilifika ndani. Nilimwona Mama Germaine mlangoni amejifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Jaël aliita tena, "Allô, chef!", na kijana wa benchi akajibu tena kwamba alale. Mara ya tatu hakuna aliyejibu. Jaël alitazama kopo, akaliweka sikioni, akalitikisa, kisha akajiangusha chini taratibu. Vicheko viliisha hapo. Wanawake wakaanza kulia upya.

Nilimfuata jikoni, kwenye mkaa. Alikuwa anakunywa maji, bado ndani ya koti.

"Jaël, ile ya redio ni kweli?"

"Nkambo hasemake bongo, uongo hata kidogo."

"Ulisikia weye mwenyewe?"

"Redio zote za balinzi ziko zinachajiwa mu cuisine yetu ya kantini. Aliita mara tatu. Tulisikia bote."

"Naweza kuandika na jina yako?"

Alicheka. "Andika. Andika hata mara kumi. Minye niko mufu, batanifanya nini?"

11 Desemba

Nimempigia Didier. Amekata simu. Nimepiga kiwandani, wamenisomea tangazo lilelile. Wapishi wengine wawili wa zamu ile hawakufungua mlango, mmoja alikuwa anachungulia dirishani.

Casimir hakubali. Tulibishana wakati wa kula.

"Maneno ya bajukulu inabakiaka kwa kilio," alisema. "Haitokake pale."

"Nilimuuliza. Alikubali."

"Alikuwa ndani ya koti?"

"Ndiyo."

"Basi ulimuuliza Athanase. Jaël haujamuuliza."

Nilimwambia kwamba Athanase hana mdomo tena, na mdomo ulionijibu ulikuwa wa Jaël. Nilimwambia pia kwamba tangazo la kiwanda lina saini na muhuri, na mbele ya saini siwezi kuweka "inasemekana". Alisukuma sahani.

"Kaka yako si mujinga," alisema. "Ni mujinga wa site tu."

12 Desemba

Imetoka asubuhi. "Mlinzi aliita mara tatu, asema mjukuu wake." Jina lake lote, kazi yake, maneno yake kama alivyoyasema. Nimeeleza kwamba yalisemwa kwenye kilio, na kwamba baadaye aliniambia mwenyewe jikoni. Kufikia jioni iko kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Likasi na Kambove.

13 Desemba

Mvua. Watu wananisalimia barabarani. Mwalimu mmoja amenishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

17 Desemba

Jaël amefukuzwa kazi. Barua haisemi sababu.

Nilikwenda kwao. Hakutoka. Mama Germaine alisimama mlangoni, akanitazama, na akasema kitu kimoja: "Mama Viviane, kwetu kicheko haina mwenyewe."

Nilirudi. Nimeandika habari ya kufukuzwa. Sikuichapisha, hakuna aliyekubali kusema.

24 Desemba

Misa. Umeme ulikatika wakati wa Gloria, watu wakaendelea kuimba.

6 Januari

Didier amefungua mashtaka ya kuchafuliwa jina. Amemshtaki Jaël peke yake. Mimi simo. Niliisoma hati mara mbili kutafuta jina langu.

9 Januari

Wamemweka ndani Jaël. Kasho, kama tunavyoiita hapa, ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya polisi, wanawake upande wa kushoto, na wakati wa mvua maji yanaingia chini ya mlango.

Nilikwenda kujisalimisha. Nilikuwa nimejiandaa: mwandishi ni mimi, niliyechapisha ni mimi, kama kuna kosa ni langu. Afisa alinisikiliza kwa adabu. Kando yake alikuwa amekaa wakili wa kiwanda, Symphorien, mtu mtulivu, wa miaka yangu, ambaye tulisoma naye sekondari.

"Viviane, félicitations, hongera kwa ukurasa wako," alisema. "Niliusoma vizuri. C'est du sérieux, kazi ya kweli. Watu wachache hapa wanaandika wanachokiamini na kukitia mbele ya kila mtu."

Alifungua jalada. Kanuni zangu zilikuwa ndani, zimechapishwa kwenye karatasi nzuri, na mistari miwili imepakwa rangi ya manjano.

"Ya tatu: anayesema anatajwa jina. Basi aliyesema ni Jaël. Ya nne: huongezi, hupunguzi. Basi alisema hivyohivyo. Weye hauna kosa. Weye ni shahidi wetu."

Nilisema maneno yale yalikuwa ya kilio.

"Habari yako inasema alirudia jikoni, na akakubali uandike. Ama uliongeza?"

Sikuongeza. Nilisema hivyo. Aliandika kwamba nimesema hivyo.

Nimekuwa katika kazi hii muda mrefu, nimetishwa na watu wenye silaha, na mara moja nilitupwa nje ya gari. Sijawahi kuona mtu akitumia ukweli wangu vizuri kiasi hicho.

10 Januari

Nilimpelekea bukari, ugali wa hapa kwetu, na samaki. Mlinzi wa kasho alituhurumia, akatuacha tukae kwenye benchi la koridoni. Jaël amekonda. Nywele zake zimefungwa na kipande cha kitambaa. Alikula kwanza, akamaliza, akanawa mikono kwa mvua ya dirishani.

"Mama, juu ya nini haukungojea nivue koti?"

"Ungevua, ungenijibu nini?"

"Ningekujibu hapana."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli. Minye niko na batoto babili, na mama mukubwa anakulaka kwa mukono wangu. Ukweli nilimupatia nkambo aseme, juu yeye banaweza kumufanya nini? Weye ukamunyanganya."

Nilimweleza mambo mawili. Wakili, alivyoniambia jana, anataka aandike kwamba alikuwa anacheza tu, na mimi nisahihishe kwenye tovuti, mashtaka yataondolewa. Au asimame na maneno yake, nami nitasimama kando yake, na tutafute wapishi wale wengine waseme walichosikia.

"Banasema?"

"Hawafungui mlango."

Afisa mmoja alipita na jembe, akaenda kuzibua mfereji.

"Nikisaini, nkambo atabakia mulevi."

"Ndiyo."

"Kwa karatasi."

"Kwa karatasi. Na karatasi ndiyo itakayobaki."

"Na site yako itasema vile?"

Nilimwambia siwezi kuandika jambo ninalojua si kweli. Sikupandisha sauti. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua kujua kama itapita.

"Mama," alisema, "kanuni iko yako. Kasho iko yangu."

11 Januari

Sikulala. Casimir amekaa nami mpaka mafuta ya taa yakaisha. Hakusema "nilikuambia". Nilimngoja aseme. Mwishowe aliuliza tu kama nina karatasi safi.

12 Januari

Jaël amesaini.

14 Januari

Marekebisho yamechapishwa, palepale juu ya habari, kama kanuni ya tano inavyotaka. Niliyaandika mara nyingi. Yaliyobaki ni haya: "Maneno yaliyonukuliwa hapa chini yalisemwa na Jaël akiwa katika mchezo wa bajukulu, ndani ya koti la marehemu. Jaël anasema hayakuwa ushahidi. Mwandishi alikosea kuyachukua kama ushahidi."

Kila sentensi ni ya kweli. Nilizipima moja moja.

Ameachiwa mchana. Hakupita njia ya kwetu.

16 Januari

Tangazo jipya la kiwanda: "Hata mwandishi mwenyewe amekiri kosa." Uchunguzi wa kifo umefungwa. Ulevi. Kuhusu ukuta hakuna mstari hata mmoja.

Mwalimu yule aliyenishika mkono amevuka barabara aliponiona.

19 Januari

Mvua.

2 Februari

Nilitaka kubadilisha kanuni ya tatu. Siwezi kuifuta, kwa sababu ya tano inakataza. Nimeongeza mstari chini yake: "Kabla ya kumtaja mtu, nitamwuliza akiwa amevua koti." Wasomaji wanaandika kuuliza koti gani. Sijawajibu.

11 Februari

Mpishi mmoja wa zamu ile alinijia sokoni, akasimama kama anachagua vitunguu. "Aliita mara ine," alisema, bila kunitazama. "Mara ine, si tatu. Ya ine alikuwa anamuita Mungu." Nilimwuliza jina, kwa mazoea tu. Alikuwa ameshaondoka.

Hii siwezi kuichapisha. Zamani ningesema ni kwa sababu haina mwenyewe.

20 Februari

Jaël anawauzia wachimbaji mikate njia panda ya Kambove. Casimir amenunua miwili. Anasema hajamsikia akifanya mzaha hata mmoja, na wachimbaji wenyewe wamemchokoza.

3 Machi

Mvua inapungua. Mahindi yaliyofunikwa na tope hayakuota tena.

15 Machi

Leo wameondoa kilio cha Athanase. Mtu hafukuzwi kwenye kilio, kwa hiyo nilikwenda, na Casimir akaja nami. Watu walitupisha nafasi kwenye benchi. Nafasi ilikuwa kubwa kuliko tulivyohitaji.

Siku ya kuondoa kilio mjukuu wa kwanza humvaa marehemu mara ya mwisho. Anatembea kama yeye, anasema yale marehemu aliyozoea kusema, watu wanacheka, marehemu anakwenda zake. Asipofanya hivyo, wanasema, mtu anabaki mlangoni. Familia ilikuwa na wasiwasi tangu wiki iliyopita. Mjomba mmoja alimwuliza Jaël mbele yetu kama ataweza. Akasema ataweza.

Alitoka nyumbani ndani ya koti. Hakuwa na kopo la nyanya. Alikuwa na chupa.

Alitembea akiyumba. Hakuinama upande mmoja kama Athanase. Aliyumba kama mlevi yeyote, miguu inapishana, anaimba kwa sauti nene wimbo usio na maneno. Vijana waliokuwa naye walisubiri kicheko ili waanze kazi yao. Kicheko hakikuja. Mmoja alijaribu kumwita: "Nkambo, leta Fanta!" Alisema kwa sauti ndogo, na Jaël hakugeuka. Aliinua chupa, akanywa hewa, akajipangusa mdomo kwa mkono wa koti. Kisha akateleza. Alifanya kama tangazo la kiwanda lilivyosema: mguu wa kulia mbele, akaanguka chali kwenye tope, na chupa ikabaki karibu na koti.

Mama Germaine alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Wanawake wa kanisa walitazama chini. Mzee aliyeshika kichwa siku ile ya Desemba alikuwepo. Safari hii alikuwa anatazama mikono yake.

Jaël alikuwa bado chini. Aligeuza uso kwangu, tope shavuni.

"Mama ya site," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "hii andika. Andika na jina yangu yote. Hii haitanifunga."

Casimir alinishika kiwiko, lakini hakuniinua.

Jaël akasimama. Akavua koti, akalikunja, akampa mjomba. Kisha akachukua ufagio na kufagia majivu ya moto wa kilio kutoka uani mpaka barabarani, kwa sababu kilio hakifungwi bila mjukuu, na watu wakaanza kuondoka wakipita kando yake.